Shahidi wa Benedicta

Benedicta aliambiwa akae, halafu akaambiwa asimame aape, halafu akaambiwa akae tena. Mezani walikuwa watu watatu, lakini waliosema walikuwa wawili: Dkt. Marta, mwenyekiti wa kamati ya nidhamu ya chuo, na Dkt. Edmund, aliyeishika tasnifu ya Benedicta kwa ncha za vidole kama mtu anayeokota nepi ya mtoto wa jirani. Wa tatu alikuwa anaandika tu.

"Mama, unajua kwa nini uko hapa," Dkt. Marta alisema.

"Najua, Daktari. Mnasema kazi yangu imeandikwa na AI."

"Sisi hatusemi. Mfumo ndio umesema. Tumeiingiza, imewaka nyekundu mwanzo mpaka mwisho."

"Kiingereza ndicho cha AI. Hilo sikatai." Benedicta aliweka mikono yote miwili mezani. "Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Kiingereza cha kujaza kitabu kizima sina. Niliandika kwa Kiswahili, simu ikageuza. Darasa zima tulifanya hivyo na msimamizi wangu anajua."

"Msimamizi wako ametuandikia kwamba hajui."

Msimamizi huyo ndiye aliyemshikia simu akamwonyesha pa kubonyeza.

"Lugha tuiache," Dkt. Edmund alisema. "Tukifukuza kwa sababu ya lugha, chuo kitafungwa. Mimi shida yangu ni mambo yenyewe. Umeandika maisha ya mwalimu mmoja wa kisomo cha watu wazima, milimani Rungwe, miaka ya sabini. Mtu mmoja tu, umemwita Mzee S. Yeye ndiye kazi nzima. Huyu mtu yupo?"

"Yupo. Fomu ya ridhaa aliisaini, iko huko nyuma."

"Saini hata mimi naweza kuchora. Ni nani?"

"Ni baba mzazi wa mume wangu."

Dkt. Edmund alicheka kidogo, akamtazama mwenzake, akarudi kwa Benedicta. "Mkwe wako. Na wewe ni mwenyeji wa wapi?"

"Nyololo, Mufindi."

"Basi umeolewa kwetu. Mimi ni mtu wa Rungwe." Alifungua ukurasa uliokunjwa pembe. "Hapa Mzee S anasimulia kwamba alikuwa anawafundisha akina mama kusoma mizani, ili wasiibiwe wakipeleka chai. Mwenye mizani akaja darasani na fimbo, akamchapa mwalimu mbele ya wanafunzi wake, wanawake watupu, mpaka mkojo ukamtoka. Kesho yake akarudi kufundisha na suruali ileile kwa sababu hakuwa na nyingine. Nimesema sawa?"

"Ndivyo alivyosema."

"Alimwambia nani?"

Benedicta aliitazama ile pembe iliyokunjwa.

"Mama, kwetu mke wa mtoto hakai alipo baba mkwe. Hamtazami usoni, hataji jina lake, akimsikia anakohoa anabadilisha njia. Wapo walioacha, lakini wazee hawajaacha. Sasa mzee gani wa Rungwe atakaa na mke wa mwanawe amwambie alijikojolea?" Aliufunga ule ukurasa. "Mashine haijui mila zetu. Mashine ndiyo inayoweza kutunga kitu kama hiki."

Dkt. Marta alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa ufa kwenye ukuta aliodhani ni mzima.

Na Dkt. Edmund alikuwa anasema kweli. Mzee Sifaeli hakumwambia mke wa mwanawe. Alimwambia binti yake, Bupe, aliyerudi nyumbani Ilomba, Mbeya mjini, baada ya mumewe kufariki. Bupe aliketi chumbani kwa mzee akiuliza maswali kwa Kinyakyusa, maswali ambayo Benedicta alikuwa amemwandikia. Chumba cha mzee na jiko vimetenganishwa na mbao. Benedicta alikaa jikoni upande wa pili, simu mapajani, akaandika kila neno kama alivyolisikia. Bupe alimwambia baba yake kwamba kuna watu wa chuo wanataka habari za kisomo, na mzee hakuuliza ni watu gani, akasaini fomu aliyoletewa na Bupe. Ande, mume wa Benedicta, ndiye angefaa kuuliza, lakini yeye huendesha Fuso la mizigo la kwenda Makongolosi na nyumbani hulala siku za kuhesabika. Wale mawifi wawili waliona wamepata njia nzuri isiyomvunjia mtu heshima.

Benedicta aliwaeleza kamati hayo yote. Kadiri alivyoeleza ndivyo yalivyozidi kusikika kama uongo.

"Nyuma ya mbao," Dkt. Marta alisema.

"Ndiyo, Daktari."

"Na ulirekodi?"

"Simu yangu haina nafasi. Na mzee hapendi."

"Basi tumpigie mwenyewe," Dkt. Edmund alisema, akavuta simu yake. "Namba."

"Muulizeni wifi yangu, Bupe. Yeye ndiye aliyekuwa naye."

"Ndugu wa nyumba moja mtapangana. Nataka mzee."

Namba ya mzee Benedicta hakuwa nayo. Tangu aolewe hakuwahi kuihitaji. Ilibidi aombe ruhusa ampigie Ande, Ande aitume kwa ujumbe, na watu watatu wenye shahada wakae wakimtazama mwanamke asiye na namba ya simu ya mtu aliyemwandika kitabu kizima.

Dkt. Edmund alipiga, akaweka spika. Simu ilipoanza kuita, Benedicta aliinuka akaenda kusimama karibu na mlango, uso ukutani.

"Unakwenda wapi?"

"Niko hapahapa."

"Mugonile, tata," Dkt. Edmund alisalimia pale simu ilipopokelewa, kwa sauti ya kijana mwema. Akajitambulisha, akasema anapiga kutoka chuo Iringa. "Mzee wangu, nina swali moja tu. Huyu mke wa mwanao, Benedicta, ni kweli alikaa na wewe ukamsimulia habari zako za zamani?"

Redio ya mzee ilisikika ikizimwa.

"Wewe ni mtoto wa Rungwe?"

"Ndiyo, baba."

"Rungwe ipi hiyo ambayo hawafundishi adabu?" Sauti ya Mzee Sifaeli ilipanda. "Mimi na mke wa mwanangu hatujawahi kusemeshana hata neno moja. Tangu aolewe! Ni mwanamke wa heshima, hajawahi kukaa nilipo. Anayekuambia amekaa na mimi ni mwongo, na wewe unayeniuliza ni mjinga. Umenisikia?"

Akakata.

Yule wa tatu aliacha kuandika. Benedicta alibaki anatazama ukuta, kwa sababu hakujua sasa ageuke vipi.

"Tunakupa nafasi moja," Dkt. Marta alisema, na hakuwa na ukali. "Wiki mbili. Kama mzee atathibitisha mwenyewe kwamba maneno ni yake, tutaangalia suala la lugha peke yake na utarekebisha. Kama hakuna, ni udanganyifu. Unafutiwa masomo, na halmashauri iliyokupa ruhusa ya kusoma tunaiandikia. Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa."

Getini mlinzi alimwambia, "Kamwene, mama," kama anavyowasalimia wote, na Benedicta akapita bila kuitikia. Basi liliposimama Nyololo kupakia watu hakuinua kichwa. Kwao palikuwa ng'ambo ya barabara tu, lakini mama yake angemuuliza sherehe ya mahafali ni lini, kwa kuwa kanisani alishatangaza.


Ilomba alikuta wageni. Wazee wawili wa kanisa walikuja kumwona Mzee Sifaeli, aliyeletwa mjini kutibiwa macho, na mzee alikuwa anawasimulia. Benedicta aliingilia mlango wa nyuma, akakaa jikoni bila hata kuvua viatu.

"Ananipigia mtu mzima na akili zake!" sauti ya mzee ilipita kwenye mbao. "Ananiuliza kama nakaa na mke wa Ande tukipiga soga. Nikampa. Nikamwambia yule ni mwanamke wa heshima kuliko mama yako."

"Hukusema mama yake," mmoja wa wageni alicheka.

"Nilitaka kusema. Ningemtukana mpaka babu yake, salio lake lingeisha."

Wakacheka wote. Bupe aliingia kutoka sokoni Mwanjelwa na kapu lake la viazi, akamwona wifi yake alivyokaa, akalitua kapu polepole.

"Ndiyo tumekwisha?" alinong'ona.

"Bado. Wanataka aseme mwenyewe kwamba maneno ni yake."

"Kwani si yake?"

"Wifi, unasikia anavyosema huko ndani."

Bupe alijifuta mikono kwenye khanga.

Ande alirudi na vumbi la Makongolosi mpaka kwenye kope. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama mlangoni, kisha akasema kama wanaume wanavyosema, "Mimi nitamwambia. Ni baba yangu, hatanila."

"Utamwambia nini?" Bupe aliuliza.

"Kwamba Mama Blessing," akamnyooshea mkewe kidole, "alikuwa jikoni anasikia."

"Ande! Na ule mkojo?"

Ande alimtazama mkewe. "Mkojo gani?"

Wakamweleza. Ande alikaa chini kwenye ndoo iliyofunikwa. Hakuwa amewahi kuisikia habari hiyo. Baba yake hakuwahi kumwambia yeye, mwanawe wa kwanza.

"Na hilo umeliandika?" alimuuliza Benedicta.

"Ndilo lililonifanya nimheshimu kuliko nilivyokuwa namheshimu. Mtu amepigwa namna ile, amerudi kufundisha. Ningeliacha vipi?"

"Ungeliacha tu! Ungeacha! Mzee akijua wewe unalijua hilo, hakai hapa hata usiku mmoja. Atarudi kijijini na macho yake yale. Na huko atafia."

"Najua."

"Hujui. Wewe ni mtu wa Iringa."

"Ande, nimezaa kwenu watoto watatu, napita dirishani kwa mzee nimeinama kama mwizi, halafu unaniambia ni mtu wa Iringa?"

Ande aliinuka akampisha mkewe akae kwenye ndoo. Upande wa pili wa mbao mzee alikohoa, na wote watatu wakashusha sauti kama watoto.

Bupe ndiye aliyepata njia tena, maana kichwa chake kilikuwa hakiishiwi njia. Mzee aambiwe nusu. Aambiwe kwamba maswali yalikuwa ya Mama Blessing, kwamba Bupe aliuliza na Bupe akapeleka majibu. Habari za kusikiliza nyuma ya mbao zisitajwe kabisa.

Akaenda akamwambia. Benedicta na Ande walibaki jikoni, na safari hii Benedicta aliziba masikio kwa viganja vyake. Ilimbidi Ande amtoe mikono ili amwambie yaliyosemwa.

"Amekubali," Ande alisema. "Amesema kumbe ni shule, kwa nini yule mjinga hakusema ni shule. Amesema mkewe angekuwa hai angemwambia amsaidie mke wa Ande asome."

"Na hilo jingine?"

Ande alishusha sauti. "Amemuuliza Bupe: na ile habari ya suruali, nayo ulimpelekea? Bupe akamwambia hapana, baba, hiyo niliimeza mwenyewe. Mzee akamshukuru, ndaga mwanangu. Hiyo tutazikwa nayo."

Benedicta alicheka na kulia kwa pamoja, kwa muda mfupi sana, halafu akainuka kumenya viazi.


Siku ya kamati Bupe hakwenda sokoni. Alikaa na baba yake tangu asubuhi kumsaidia simu. Alimtumia Benedicta ujumbe wa sauti: "Wifi, mzee kaoga, kanyoa ndevu, kavaa koti la kanisani. Nimemwambia baba ni simu hiyo, hawakuoni. Akasema wasomi wanaongea naye, hawezi kuongea nao akiwa na fulana. Mungu akusimamie."

Chumba kilikuwa kilekile. Dkt. Marta alifurahi kusikia kwamba mzee yuko tayari. Alionekana mtu aliyechoka kufukuza watu. Dkt. Edmund alikuwa na tasnifu mbele yake, na kando yake karatasi moja aliyokuwa ameichapa.

"Nimejiandaa vizuri," alisema. "Safari ile nilimuuliza vibaya, nakiri. Ukimuuliza mzee kama alikaa na mkwe wake, lazima atakasirika. Leo sitamtaja mkwe mwanzoni. Nimegeuza ukurasa mmoja kwa Kinyakyusa. Nitamsomea, aseme kama maneno ni yake."

"Ukurasa gani?" Benedicta aliuliza, ingawa alishaona pembe iliyokunjwa.

"Huu wa fimbo. Ndio wenye mashaka. Kurasa nyingine habari za kisomo mtu yeyote angeweza kuzipata. Hii hakuna anayeijua isipokuwa yeye. Akisema ni yake, mimi sina neno tena, na nitakupigia makofi."

"Daktari, msomee nyingine. Msomee za mizani. Za taa walizokuwa wanasomea. Zote ni zake."

"Hizo hata AI inazijua."

"Basi huo ukurasa niuondoe. Nautoa kwenye kazi."

Dkt. Edmund alimtazama Dkt. Marta. "Unaona?"

"Mama Benedicta," Dkt. Marta alisema, "ukurasa ukiwa wa kweli, kwa nini uutoe? Na ukiwa wa kutunga, sisi tutajuaje nyingine hukutunga?"

"Ni wa kweli. Ila hajui kwamba ninaujua."

"Si atajua leo? Kuna ubaya gani? Ni mtu mzima, ni mambo ya zamani, ni historia. Hata kiongozi anaweza kuchapwa." Dkt. Marta hakuwa mtu wa Rungwe na alisema kwa nia njema. Dkt. Edmund alikuwa mtu wa Rungwe, na alishusha macho kwenye karatasi yake. Alijua ubaya uko wapi. Lakini alishasema mbele ya wenzake kwamba habari ile haiwezi kuwa kweli, na mtu aliyekwisha sema hivyo hapendi kurudi nyuma kwa huruma.

"Tupige," alisema.

Akabonyeza, akaweka spika. Simu haikuita hata mara mbili.

"Haloo," alisema Mzee Sifaeli, kwa sauti ya mtu aliyekaa wima. Nyuma yake Bupe alisikika akisema, shika hivi, baba.

"Mugonile, tata. Ni yule wa Iringa. Leo nakuja kwa adabu."

"Karibu mwanangu. Leo tutaelewana. Uliza."

Dkt. Edmund aliinua karatasi. Benedicta alikuwa ameshafika mezani. Hakwenda ukutani safari hii. Alikaribia kichwa cha Dkt. Edmund akasema kwa sauti ya chini, haraka, ili simu isiisikie:

"Kata. Ni mashine. Mashine ndiyo iliyoandika."

"Unasema?"

"Kata simu nikwambie. Kata!"

Dkt. Edmund alikata.

"Nilitunga," Benedicta alisema. "Huo ukurasa na zingine zote. Niliiambia simu iniandikie habari za mzee wa kisomo, ikaniandikia. Mkwe wangu nilimwomba anisaidie kusema uongo. Msimpigie tena. Ni mtu mzima, hana kosa."

Dkt. Marta alivua miwani.

"Mama, ungesema hivi tangu siku ya kwanza, usingetupotezea muda wote huu."

"Samahani."

"Una uhakika? Unajua maana yake?"

"Najua maana yake. Nipeni nisaini."

Yule wa tatu alisogeza karatasi. Ilikuwa imeshachapwa, jina lake lilikuwa limeshawekwa. Walibakisha tarehe tu. Simu ya Dkt. Edmund ikaanza kutetemeka mezani. Ilikuwa namba ya mzee. Iliita mpaka ikanyamaza, ikaanza tena, ikasogea kidogo kidogo juu ya mbao kila ilipotetemeka, mpaka ikagusa tasnifu. Dkt. Edmund aliitazama, hakuipokea. Alimtazama pia Benedicta, kwa muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu aliyeshinda, akafungua mdomo kama anayetaka kuuliza kitu.

Hakuuliza. Aliigeuza simu kifudifudi.

Benedicta alisaini. Waliichukua tasnifu ibaki ofisini kama kielelezo. Aliomba abaki na nakala yake moja, wakamwambia kazi ya mashine si mali ya mtu.

Nje kulikuwa na wanafunzi wa mwaka wake wakipiga picha na majoho ya kuazima. Mmoja alimwita, "Mwalimu, njoo tupige!" Alipunga mkono akaendelea kwenda. Alikuwa ameshafika stendi, amekaa kwenye benchi la kusubiri basi la Mbeya, pale Bupe alipopiga.

"Wifi, imekuwaje? Simu ilikatika, baba akapiga tena na tena, hawapokei. Anauliza kama amekosea kusema 'uliza'. Anasema labda angesubiri waanze wao."

"Yuko wapi sasa?"

"Yuko palepale kwenye kiti. Hataki kula. Hataki hata kuvua koti, anasema wanaweza kupiga."

Benedicta aliiweka simu sikio la pili, kwa sababu la kwanza lilikuwa linavuma.

"Mwambie avue. Mwambie imetosha."

"Imetosha vipi? Nimwambie nini?"

"Mwambie walipoisikia sauti yake tu, walimwamini."